Mbayuwayu Hakuanguka Mikononi Mwako

Kaka yangu Ramazani, mkubwa wetu, uliyeketi mahali alipoketi marehemu baba. Maalimu, uliyewaacha wanafunzi wako wa madrasa ya asubuhi ili uwe nasi. Papa Lokwa, mfyatuaji wa matofali, ambaye kwa desturi ningekutaja baadaye, lakini leo nina sababu ya kukupandisha. Abedi, mdogo wangu, uliyetoka Kinshasa kwa ajili ya harusi na unayerudi leo pamoja na mwanangu. Mama Kavira, jirani yetu, ambaye dini yako ni nyingine na ukuta wako na wetu ni mmoja. Ndugu na majirani mlioketi mkekani na mliokosa nafasi mkasimama mlangoni: nawasalimu, kila mmoja kwa daraja yake.

Na wewe, Aziza, unayetajwa mwisho kwa kuwa wewe ndiye mdogo na wewe ndiye unayeondoka. Barua hii ni yako. Ninaiandika usiku wa kuamkia safari yako, na asubuhi nitaisoma mbele ya watu hawa wote, kwa sababu ulilaumiwa mbele yao, na lawama iliyotolewa hadharani haiondolewi kwa kunong'onezana jikoni.

Wengine watashangaa kuona nimeshika karatasi. Katika ukoo huu mimi ndiye ninayesimama kwenye posa na kwenye matanga. Nilifundisha fizikia miaka mingi hapa Kisangani, na niliposoma fizikia nilijifunza pia kupanga maneno. Ninapozungumza hutazama nyuso. Nikiona paji la uso limekunjamana, huigeuza sentensi ikiwa bado kinywani. Karatasi hainipi nafasi hiyo. Kilichoandikwa kitasomwa kama kilivyo.

Sitakuambia jinsi ya kuishi Kinshasa. Hilo limeshasemwa na wanaolijua. Wiki nzima nyumba hii imejaa mashauri. Mama Kavira alikuambia juzi, huku akikunja vitenge vyako, "Aziza, siku ya kwanza usikule chakula ya barabara. Ngoja kwanza tumbo izoee." Ami yako, Tonton Abedi, akamtetea mkewe kutoka sebuleni, "Mama, mutoto hatakosa chakula. Bibi yangu iko nyumbani, anapikaka." Na Mama Kavira, bila kuinua kichwa: "Bibi yako namujua. Anapikaka kwa telefone." Ulicheka, mwanangu. Nilikaa chumbani nikahesabu ni muda gani sijakusikia ukicheka. Nilipata miezi mitano. Ni miezi hiyo mitano ninayotaka kuizungumzia.

Turudi kwanza kwa Bata, ndege yetu ya kwanza ya rimoti, ili hata asiyewahi kufika kule uwanjani aelewe.

Mama yako Zuhura alipofariki, nyumba ilibaki na watu wawili waliokuwa hawajui kuzungumza bila yeye. Ndugu zako walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa mbali. Tulikula kimya. Nilikuwa naweza kuhutubia uwanja mzima, lakini mezani, mbele ya msichana mmoja wa miaka kumi na mitano, sikupata sentensi. Ndipo mwanafunzi wangu wa zamani aliporudi kutoka Kampala na kuniletea zawadi: rimoti mbili, mota ndogo na betri. Ulikwenda kwenye ghala la Mama Kavira, ukaomba lile povu jeupe linalofunga friji mpya, tukalikata kwa kisu cha jikoni, na baada ya majuma matatu tukawa na ndege ya kujifunzia. Ulipoiona imekaa mezani, nene, mabawa juu ya mgongo, ulisema, "Papa, hii si ndege. Hii ni bata." Jina likabaki.

Uwanja tuliupata nyuma ya matanuri ya Papa Lokwa, kwenye njia ya Kapalata, mahali ambapo udongo ulikwisha kuchimbwa na nyasi zikarudi. Kwa kuwa kambi ya jeshi iko karibu, nilikwenda kwanza na barua kueleza kwamba ni chombo cha kujifunzia tu. Askari aliyeipokea aliisoma mpaka mwisho, akanirudishia. "Bon, Mwalimu. Kama ndeke yako inaleta bombe, tutakufata kwa nyumba. Kama inaleta mayai, utuletee."

Ndege kama Bata imeundwa kumsamehe anayeirusha. Mabawa yake yameinuka kidogo kila upande, kama mikono ya mtu anayeomba dua, na uzito wake unaning'inia chini yake. Ukimwinamisha kupita kiasi, ukashtuka, ukaachia vijiti vya rimoti, hunyooka mwenyewe. Na tulikuwa na kinga nyingine: waya uliounganisha rimoti yako na yangu. Yangu ndiyo iliyozungumza na ndege. Maadamu nilishika swichi moja kwa kidole cha shahada, amri zako zilipita na wewe ndiye uliyekuwa rubani. Nikiinua kidole tu, amri zinarudi kwangu.

Ulijifunza haraka kuliko nilivyotaka. Umeme wa bwawa la Tshopo ukirudi usiku wa manane uliamka kuchomeka betri. Alfajiri ulikuwa umevaa viatu. Ulijifunza lile linalowashinda wengi: ndege ikikujia usoni, kushoto kwake ni kulia kwako, na mkono lazima ufikiri kinyume na jicho. Mwaka wa pili ulikuwa unamtua Bata kati ya marundo mawili ya matofali mabichi, na wafyatuaji walikuwa wanasimamisha kazi kutazama. Papa Lokwa alipiga kelele: "Mademoiselle, ukivunja tofari moja, utafyatua kumi!" Hukuvunja hata moja. Nami sikuinua kidole, kwa sababu Bata hakunipa sababu. Ndege inayosamehe humsitiri mwanafunzi, na humsitiri mwalimu pia. Kwa miaka miwili sikujua kwamba mimi ni mwoga.

Kisha ulisema unataka ndege ya pili.

Nakumbuka ulivyolisema. Ulikuwa unaosha masahani, mgongo kwangu. "Papa, Bata anajirusha mwenyewe. Mimi ninamsindikiza tu." Nilikujibu kwa hotuba ndefu juu ya subira. Uliisikiliza yote, ukapangusa mikono, ukaniuliza, "Donc tunaanza lini?"

Tulimjenga Mbayuwayu kwa mbao ya parasolia, ule mti mwepesi unaoota haraka pale msitu unapofyekwa. Mabawa yake yamenyooka na yamepita chini ya tumbo. Ndege ya namna hii haisahihishi kosa lako. Ukimwinamisha, anabaki ameinama mpaka wewe mwenyewe umwinue. Ukimpindua, atasafiri kichwa chini bila kulalamika. Anakaa pale ulipomweka. Uliposoma jambo hilo ulifurahi, nami nilipolisoma sikupata usingizi.

Sasa nisikilizeni vizuri nyote, kwa maana hapa ndipo pana jambo lenyewe. Kwenye bawa la Bata, mota ndogo zinazosukuma vile vipande vya ukingoni vinavyoiinamisha ndege nilizifunga zikitazama chini. Kwenye Mbayuwayu, kwa sababu bawa liko chini ya mwili, nilizifunga zikitazama juu. Kwa hiyo amri ya "kulia" iliyomfaa Bata, kwa Mbayuwayu ni "kushoto", na rimoti lazima ielezwe hivyo kwenye kioo chake. Rimoti yako niliieleza. Niliijaribu mara nne. Nilikuwa na hofu na mkono wako, Aziza, basi nikaikagua rimoti yako kama daktari. Yangu sikuigusa. Nilikuwa na imani na mkono wangu.

Siku yenyewe mnaijua. Asubuhi ilikuwa tulivu. Tulimtupa Mbayuwayu, akapanda, na kwa dakika sita ulimrusha vizuri kuliko nilivyowahi kuona mtu akirusha ndege. Nilitazama uso wako badala ya ndege. Ulikuwa na uso wa mama yako alipokuwa akisoma barua, midomo imefungwa, hayuko nasi. Kisha ukamrudisha ili atue. Alikuja akitukabili, juu ya matanuri, na ukamwinamisha sana upande mmoja ili aingie kwenye mstari wa uwanja. Ilikuwa sawa. Leo ninajua kuwa ilikuwa sawa, kwa sababu nimeichora ile njia kwenye karatasi mara nyingi. Lakini pale nilisema moyoni, amechanganya kushoto na kulia. Nikainua kidole.

Sikukuambia. Palipaswa kuwa na neno. Mwalimu anayechukua ndege husema "Nimechukua", na mwanafunzi hujibu "Chukua". Mimi, mtu wa maneno, sikulisema hilo moja. Nikasukuma kijiti ili nimnyooshe, na rimoti yangu, ambayo bado ilidhani inazungumza na Bata, ikampa amri ya kinyume. Mbayuwayu akazidi kuinama. Nikasukuma zaidi. Ukapiga kelele, "Papa, haisikii!" Alilala ubavu, akaanguka nyuma ya tanuri la kwanza, na tukasikia mtu akilia.

Mtu huyo ni Papa Lokwa. Bawa lilimpiga begani, akashonwa nyuzi saba.

Tulipokuwa tukikimbia, ulisema ukihema, "Nilichanganya. Papa, nilichanganya kushoto na kulia." Kidole changu kilikuwa kimekwisha kurudi mahali pake. Nami nikakujibu neno moja: "Hutokea."

Mwanangu, nimesema maneno mengi katika maisha yangu. Hilo ndilo ambalo ningelirudisha kinywani kwa kuyatoa mengine yote.

Jioni nilijifungia, nikawasha rimoti yangu. Kioo kikaandika jina la ndege inayoongozwa: BATA. Nikaizima. Nikaiwasha tena, kana kwamba ingebadilisha ushahidi wake. Nilijiambia nitakuambia kesho. Kesho yake wakaja askari wawili, na mmoja alikuwa yule yule. Akauinua mkia uliovunjika. "Mwalimu, haya ndiyo mayai?" Nilizungumza nao vizuri sana, waliondoka wakinipa mkono. Keshokutwa Kaka Ramazani aliita kikao, na ilikuwa haki yake, kwa maana mtu alikuwa amejeruhiwa na jina la ukoo limefika kambini.

Mnakumbuka kikao kile. Aziza alikuwa amepokewa katika shule ya ufundi wa ndege huko Kinshasa, na swali lilikuwa moja: anayeshindwa kuongoza ndege ya mbao, tumkabidhi bisibisi ya ndege inayobeba watu? Kaka alisema, "Mutoto iko na akili, sikatae. Lakini mikono yake? Mwalimu, wewe baba, sema." Nikasimama. Nilisema kwamba mikono michanga haichongwi kwa haraka, kwamba mwaka mmoja nyumbani haujamharibu mtu. Sauti yangu ilipanda na kushuka mahali pake. Maalimu alifuta macho. Mkaamua abaki mwaka mmoja, na mkanipongeza kwa hekima. Aziza alikuwa ameketi karibu na mlango, ameweka mikono chini ya mapaja yake, kama mtu anayeificha isitende jambo lingine.

Mnaweza kudhani nilinyamaza kwa aibu. Ilikuwepo, lakini haikuwa peke yake. Mliposema "abaki", nilifurahi. Nilifurahi, Aziza. Niliwaza: mwaka mmoja zaidi wa jozi mbili za viatu mlangoni. Mwaka mmoja zaidi wa mtu wa kumwambia kwamba mvua inakuja. Ninyi wote mna nyumba zenye kelele. Hamjui nyumba inavyokuwa mtu anapowasha redio akiwa hana nia ya kuisikiliza, anaiwasha ili kuwe na mwingine anayezungumza.

Halikuwa kosa la kwanza la aina hiyo. Na kwa kuwa nimeanza, nitamaliza. Mama yako, mwaka wa tatu wa ndoa yetu, aliitwa Bunia kusomea uuguzi. Aliitaka kazi ile. Nilisimama mbele ya baba yangu na baba yake, nikazungumza juu ya nyumba changa inayohitaji nguzo. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Zuhura alivunja safari. Hakunilaumu kamwe. Miaka mingi baadaye tu, wageni wakinisifu kwa hotuba fulani, alisema huku akimimina chai, "Mwalimu anasema vizuri mpaka watu wanasahau kumuuliza swali." Wageni wakacheka. Nikacheka nao. Alikuwa ananiuliza yeye, na sikumjibu. Na sasa hayupo wa kujibiwa.

Ule mwaka mmoja niliouiba haukunifaa. Ulikaa nyumbani, lakini hukuwa nami. Uliacha kumimina chai. Ukimpa mgeni kikombe unamwachia birika mezani, ajimiminie. Kwenye harusi ya juzi walikupa sinia la sambusa ukamsukumia binamu yako. Ukitaka kukata kitambaa unaniita nishike mkasi. Siku moja nilikuuliza sababu, ukasema bila machozi, kama anayetaja kimo chake: "Mikono yangu haina akili, Papa. Ni bora niijue mapema." Na pale pia, Mungu anisamehe, niliitafuta sentensi nzuri badala ya ile ya kweli.

Kisha Tonton Abedi alifika, akaona jinsi ulivyo, na kwa huruma yake akasema, "Munipatie mutoto. Duka yangu ya vitenge inakosa mutu wa kuaminika. Kule hakuna kitu ya kuanguka." Kikao kikakubali kabla mpishi hajaleta wali. Nawe ukakubali, na hilo ndilo lililonitisha. Hukushawishiwa, ulishukuru. Ulikuwa unakwenda mji ule ule ilipo shule ile ile, kukaa nyuma ya meza na kupima nguo kwa urefu wa mkono usiouamini.

Hata hapo nisingesema, kama si Papa Lokwa. Jumatano nilikwenda kulitazama bega lake. Alikuwa anapanga matofali kwa mkono mmoja. Alianza kwa mzaha wake wa kila siku. "Ndeke ya serkali inashukaka Bangboka. Ya Mwalimu inashuka kwa bega yangu. Mi niko aeroporti!" Nikacheka. Yeye akaacha kucheka.

"Mwalimu, ile siku nilikuwa nasimama kwa kona ya tanuri, nakuangalia. Miaka mbili naangaliaka ile kidole yako. Mutoto anarusha, kidole inalala. Ile siku niliona inaamuka, nikakimbia nyuma ya tanuri."

Nilimuuliza kwa nini hakusema kwenye kikao.

"Mi nani? Ninyi watu mulisoma." Akaweka tofali. "Na tena, mutu mukubwa akikosa, tunamungojaka aseme yeye mwenyewe. Nimekungojea, Mwalimu. Lakini mutoto anaenda Jumamosi."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, kutoka Kapalata mpaka hapa, na watu walionisalimu njiani wanisamehe, sikuwaona.

Basi sikia, Aziza, na usikie mbele yao. Mbayuwayu hakuanguka mikononi mwako. Alianguka mikononi mwangu. Hukuchanganya kushoto na kulia. Uliposema "haisikii", ulisema kweli: hakuwa akikusikia, kwa sababu nilikuwa nimemchukua bila kukuambia. Mikono yako ilikuwa inafanya kazi yake mpaka nukta ile nilipoiondolea kazi. Na kile ulichokiamini juu yako kwa miezi mitano, ukakilalia na kukiamkia, kilikuwa kosa langu nililokuvisha wewe, na ukalivaa kwa adabu ya mtoto aliyelelewa kumwamini baba yake.

Sikuombi unisamehe leo. Umezungukwa na watu, na mtoto mwenye heshima hawezi kusema hapana mbele ya watu. Msamaha wa namna hiyo ungekuwa hotuba yangu nyingine. Utaufikiria huko uendako, kwa muda wako. Kama jibu litakuwa hapana, niandikie hapana. Nitaisoma.

Sina wosia wa kukupa juu ya maisha. Nina hili dogo nililolinunua kwa bei kubwa. Utakutana na watu watakaokupenda, na baadhi yao watakuwa na kidole juu ya swichi. Hutawatambua kwa ukali wao. Mimi sikuwa mkali. Mambo yakiacha ghafla kukutii, kabla hujasema "nimekosea", uliza kwanza kwa sauti ni nani ameshika. Niulize hata mimi. Uliza hata kama anayejibu anajibu vizuri.

Na leo jioni nitakuwa peke yangu. Sitalipamba. Mama Kavira ameahidi kuleta sombe, yale majani ya muhogo apikayo, na ataleta, na atakaa kidogo, na atakwenda kwake. Nitakaa. Nimekwisha kuwa mwoga vya kutosha. Nataka kujaribu kuwa mpweke bila kumfunga mtu.

Sasa ninageuka kwenu, wakubwa wangu na ndugu zangu, kwa maana kuna mambo ambayo baba peke yake hawezi kuyamaliza.

Nilitoa idhini katika vikao viwili, na nilizitoa juu ya uongo. Ninaziondoa zote mbili. Nimepiga simu shuleni: nafasi ya Aziza haijapewa mtu, lakini wataitoa Jumatatu mchana iwapo hajafika mwenyewe. Ndege inaondoka leo saa nane. Nimeamua kwamba mwanangu, akitaka, akishuka Kinshasa ataingia shuleni. Nimesema akitaka, na mwenye kujibu hilo ni yeye, kwa kinywa chake. Ninawaomba mtu yeyote asimsaidie kujibu, na mimi wa kwanza.

Kaka Ramazani, neno lililomzuia lilitoka kwenye kiti chako, na ni wewe tu unayeweza kulirudisha. Abedi, mdogo wangu, ulitaka mtu wa duka. Nakuomba umpe chumba bila duka, na kama haliwezekani useme sasa, mbele ya Kaka, nitafute kwingine kabla ya saa nane. Papa Lokwa, fidia ya bega lako ilipokelewa kwa jina la Aziza. Uifute kwa jina hilo, uidai kwangu, na uniambie hapa ninachodaiwa zaidi ya pole.

La mwisho. Mtu aliyeutumia ulimi wa ukoo kumfunga mtoto wa ukoo hafai kuubeba. Kuanzia leo sitasimama tena kwa niaba yenu, katika furaha wala katika msiba. Mwezi ujao kuna posa, na wageni watamtafuta msemaji. Mchagueni mwingine hapa hapa, kabla mtu hajanyanyuka mkekani. Na nisiulizwe shauri, kwa sababu nitalisema vizuri.

Ninakaa chini. Anzeni na Aziza.